Pacha wa Mstari wa Kwanza

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini alikunjua karatasi ya manila juu ya meza ya maabara, akafungua kalamu ya wino mzito, na harufu yake ikanifikia kabla sijajua inatoka wapi. Masikio yakanichoma. Nilikuwa nimeshika chupa ya maji ya kisima tuliyoletewa kupima, nikaiweka chini taratibu isije ikaniponyoka, nikatoka nje. Akanifuata kuniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni joto tu. Mombasa hukosei kamwe ukisingizia joto.

Haikuwa joto. Ilikuwa aibu, ile ile ya siku nyingi, na nilishangaa kuona bado inaijua njia ya kupanda kutoka shingoni hadi masikioni.

Nilikuwa kidato cha pili. Tulikaa Shika Adabu, Likoni, katika vyumba viwili vya kupanga, na Mama alikuwa akiuza viazi vya karai mlangoni. Kila jioni alivichovya viazi kwenye uji wa unga wenye bizari, akavitumbukiza katika mafuta, navyo vikatoka na rangi ya machungwa. Watu walivila kwa ukwaju na pilipili, wakisimama pale pale. Sare yangu ya shule ilinuka mafuta hayo hata ikiwa imefuliwa na kuanikwa juani kutwa. Darasani nilizoea kukaa karibu na dirisha. Baba alikuwa kibarua bandarini, akivuka feri alfajiri na kurudi amechoka hata asiweze kuzungumza.

Kuna jambo moja nililolijua nyumbani kwetu ambalo sikuambiwa na Mama wala Baba. Aliniambia hawe, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa baba, nilipokuwa mdogo sana na tumekwenda kwake Kaloleni. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akasema, bila kunitazama, "Nyinyi mlikuja wawili. Mwenzio akapotea."

Mtoto hulichukua neno kama lilivyo. Nilidhani amepotea kama mbuzi anavyopotea, na kwamba siku moja mtu atakuja naye mlangoni, amemshika mkono, aulize kama ni wetu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwachungulia watoto wa rika langu sokoni na kanisani, nikitafuta uso unaofanana na wangu. Nilipokua nikaelewa hawe alikuwa akisema nini. Lakini lile neno, kupotea, lilibaki ndani yangu na maana yake ya kwanza. Mama sikumuuliza. Nilikuwa nimeona kwamba mapacha wakipita njiani, yeye huinama kuchochea moto hata kama moto unawaka vizuri.

Basi kidato cha pili akaja Mwalimu Kioko, kijana kutoka upande wa Machakos, kutufundisha kemia. Alitundika ukutani chati kubwa ya jedwali la elementi. Nilikuwa nimeliona jedwali hilo kitabuni, dogo na la rangi ya kijivu, lakini hili la ukutani lilikuwa na rangi nne na visanduku vikubwa, kila kisanduku na elementi yake na nambari yake, moja, mbili, tatu, kuendelea. Umbo lake lilinisumbua. Lilikuwa na minara pembeni na shimo kubwa katikati juu, kama nyumba iliyobomolewa paa. Nilimuuliza Mwalimu kama pale palipo wazi ni pa vitu ambavyo havijagunduliwa. Darasa likacheka kidogo, naye akasema hapana, ni mpangilio tu. Akatueleza pia kwamba ile mistari miwili inayoelea chini ya jedwali ni ya ndani, imetolewa nje kwa sababu karatasi haitoshi.

Nikaanza kuhesabu visanduku vya kila mstari. Mstari wa kwanza, viwili. Wa pili, vinane. Wa tatu, vinane tena. Wa nne na wa tano, kumi na vinane kila mmoja. Wa sita na wa saba, ukirudisha ile inayoelea chini, thelathini na viwili kila mmoja. Nikaigawanya kila hesabu kwa mbili, sijui kwa nini, labda kwa sababu zote zilikuwa shufwa. Nikapata moja, nne, nne, tisa, tisa, kumi na sita, kumi na sita. Hizo nilizijua. Ni moja mara moja, mbili mara mbili, tatu mara tatu, nne mara nne. Nywele za mikono zilinisimama.

Jioni ile nilikusanya vizibo vya soda nikavipanga sakafuni. Kizibo kimoja. Ukitaka kukifanya kiwe mraba mkubwa zaidi, unakizungushia upande wa kulia na wa chini, unahitaji vitatu, vinakuwa vinne. Ukitaka kukuza tena unaongeza vitano, vinakuwa tisa. Kisha saba, kumi na sita. Moja, tatu, tano, saba. Kesho yake nikakimbilia kwenye chati kabla ya kengele, nikahesabu upana wa zile sehemu za rangi nne: safu mbili, safu sita, safu kumi, safu kumi na nne. Nusu yake ni moja, tatu, tano, saba. Nilisimama pale peke yangu nikiwa na hakika kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayelijua jambo hili. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na hicho ndicho kitu cha kwanza kilichokuwa changu kabisa.

Lakini kilikuwa na kasoro. Nane ilikuja mara mbili, kumi na nane mara mbili, thelathini na mbili mara mbili. Mbili peke yake ilikuja mara moja. Kila mstari ulikuwa na pacha wake isipokuwa ule wa juu kabisa. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi sikuona la kujiuliza. Niliona jibu papo hapo: pacha wake amepotea. Kuna elementi mbili mahali fulani ambazo hazijapatikana, na zikipatikana jedwali litakamilika.

Nilimwonyesha Mwalimu Kioko. Alipanga vizibo mwenyewe mezani, akavivuruga, akavipanga tena. "Kadzo, hii ni moto," akasema. "Hii tunaipeleka." Shule za upande wetu zilikuwa na mashindano ya sayansi mwezi ule. Nilipomweleza habari ya mstari uliopotea, alisita, akakuna kidevu. "Iweke mwishoni. Waamuzi wanapenda kitu kipya." Nadhani hakuwa amelifikiria. Alikuwa mgeni kazini na alikuwa na furaha kama mimi.

Niliandika yote kwenye manila kwa kalamu ya wino mzito, nikalala na karatasi ile imekunjwa kando ya kichwa changu. Maneno niliyakariri kwa Kiingereza.

Sikumwalika Mama. Alisikia kwa jirani, na asubuhi ya mashindano nikamkuta amevaa gauni lake la kanisani. Viazi alikuwa ameviacha bila kumenywa. Nilitaka kumwambia asije, nikakosa namna ya kusema. Ukumbini wazazi wachache waliofika walikaa nyuma, naye akaja moja kwa moja mbele, akakaa kwenye viti vilivyowekewa walimu, kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya bizari ambayo haitoki. Nilivitazama vidole vile nikatamani avifiche, na nikajichukia kwa kutamani.

Nilianza vizuri. Vizibo nilivipanga, hesabu nikazieleza, na nikaona waamuzi wakiegemea mbele. Kisha nikafika mwisho, nikasema kwamba mstari wa kwanza umekosa mwenzake na kwamba kuna elementi mbili zitakazogunduliwa. Mwamuzi wa katikati, mzee mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza swali kwa Kiingereza. Nililisikia lakini halikuingia. Akarudia. Nikabaki kugeuza kizibo mkononi. Ndipo akanionea huruma, akaniambia, "Sema kwa Kiswahili, binti. Usiogope."

Nimewaza mara nyingi kwamba laiti asingekuwa mpole.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuchanganyikiwa, ingawa nilikuwa nimekwisha kuwaamkia. Watu wakacheka kidogo.

"Marahaba. Elementi hupangwa kwa nambari, sivyo? Ya kwanza ni nambari moja. Inayofuata?"

"Mbili."

"Na mstari wa pili unaanza na nambari gani?"

"Tatu."

"Sasa hizo mbili zilizopotea, ambazo ziko baina ya mbili na tatu, utazipa nambari gani?"

Hapo niliona. Hapakuwa na nafasi. Huwezi kupenyeza kitu baina ya mbili na tatu katika hesabu ambayo haina nusu. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtoto wa chekechea angeliona, nami nilikuwa nimelala nalo kitandani majuma mazima bila kuliona. Ukumbi wote ulikuwa umeliona sasa. Kicheko kilianzia nyuma, kwa wavulana wa shule nyingine, kikaja mbele kama maji.

"Kwani ni nani aliyekwambia kila mstari lazima uwe na pacha?" mwamuzi akauliza. Hakuwa akicheka. Alitaka kujua kweli.

Nikajibu, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mimi nilizaliwa na pacha. Akapotea."

Kicheko kilikatika. Halafu mtu mmoja, mmoja tu, akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani, na wengine wakafuata. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama. Alishika pindo la gauni lake, akapita mbele ya waamuzi wote bila kuinama wala kuomba radhi, akatoka mlango wa pembeni.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka Mwalimu Kioko akikunja manila yangu kwa uangalifu mkubwa, kama sanda, akisema, "Ni sawa. Ni sawa, Kadzo," bila kunitazama. Nilikataa kuipokea. Nilirudi nyumbani kwa miguu peke yangu juani, nikipita vichochoro ili nisikutane na mtu. Mama alikuwa amefika kabla yangu. Karai lilikuwa motoni. Alinipa viazi kwenye sahani, akasema, "Kula," akageukia karai.

Shuleni nilipewa jina. "Pacha, mwenzio hajambo?" waliniuliza kila asubuhi langoni. Wengine hawakuwa na ubaya, lilikuwa jina tu. Lakini mimi nilikuwa nimelileta mwenyewe. Jambo ambalo Mama alilifungia kifuani miaka yote hiyo nilikuwa nimelitoa nje mbele ya watu, na watu walikuwa wamelicheka. Nilikuwa na hakika kwamba alitoka ukumbini kwa kunionea haya. Nikaacha kunyanyua mkono darasani. Hata leo, kwenye mikutano ya kazini, nikitakiwa kusema mbele ya watu, naandika ninachotaka kusema na kumpa mwingine akisome.

Inafaa niseme kuhusu lile jedwali, kwa sababu baadaye nililisoma chuoni. Elektroni za kila elementi hukaa katika vyumba, kama wapangaji. Vyumba vya aina ya kwanza huwa kimoja, vya aina ya pili vitatu, vya tatu vitano, vya nne saba, na kila chumba hukaliwa na wawili, hawazidi. Ndiyo sababu ya hesabu zangu za vizibo, hapo sikukosea. Kisha nikajifunza kwamba vyumba havijazwi kwa mpangilio niliodhani, na kwamba mahali pa kuukata mstari ni uamuzi wa watu. Sisi tuliuona umekatwa baada ya gesi tulivu, ile safu ya mwisho kulia. Lakini kuna waliowahi kuukata mahali pengine, safu mbili mbele. Ukiukata hapo, mstari wa kwanza ni hidrojeni na heliamu, mbili. Wa pili ni lithiamu na beriliamu, mbili. Kisha nane, nane, kumi na nane, kumi na nane, thelathini na mbili, thelathini na mbili. Kila mmoja na pacha wake. Hakuna elementi iliyopotea. Zile mbili zilikuwapo muda wote, nambari tatu na nne, zimeshonwa kwenye mstari mwingine.

Nilikuwa maktabani niliposoma hayo. Mtu angetarajia nifurahi. Nilifunga kitabu nikakaa, masikio yananichoma, nikimwona yule mzee wa miwani na ule ukumbi, nikimjibu kwa maneno niliyochelewa kuyapata. Kisha nikatambua kwamba hata kama ningelijua jibu siku ile, nisingekuwa nimelijibu swali lake. Aliniuliza ni nani aliyeniambia.

Na Mama pia ndilo aliloniuliza.

Yalikuwa yamepita majuma kadhaa baada ya mashindano. Tulikuwa tunamenya viazi, kila mmoja na kisu chake, karai la maganda katikati yetu.

"Kadzo."

"Abee, mama."

"Yale ya mwenzio. Nani alikwambia?"

"Hawe."

Akamenya kiazi kizima. "Alikwambia jina lake?"

"Hapana. Aliniambia amepotea, basi."

"Anaitwa Katana." Hakusema aliitwa. "Aliishi mpaka adhuhuri. Niliwazaa Kaloleni; babako alikuwa huku bandarini kazini, akafika kesho yake, na yote yalikuwa yamekwisha."

Nilitaka kuomba msamaha, na maneno yakaja vingine. "Siku ile ulitoka kwa kunionea aibu."

"Nilitoka kwa aibu, ndiyo," akasema Mama. "Yangu mwenyewe. Mtoto wangu anamtaja mwenzake mbele ya watu wasiomjua, nami mamake sijapata kumtaja hata hapa jikoni kwangu." Aliifuta pua kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Wale waliocheka sikuwasikia. Niliambiwa na jirani kwamba walicheka."

Jumamosi iliyofuata hakuwasha moto. Aliniambia nivae, tukaenda Kaloleni.

Hawe alikuwa ameshafariki wakati huo, na nyumba yake ilikuwa ya baba mdogo na mkewe. Mama aliwaamkia, akakataa chai, akanishika mkono, akanipeleka nyuma. Mtoto mchanga hakuwekewa alama ya kaburi siku zile, aliniambia, lakini yeye alipajua mahali, palikuwa karibu na mkorosho. Tukafika nyuma na hapakuwa na mkorosho. Palikuwa na mihogo, imejaa hadi kwenye ua wa jirani. Baba mdogo alikuwa ameukata mti na kulima. Hakujua, hakuna aliyemwambia.

Mama akaingia katikati ya mihogo. "Ni hapa," akasema. Kisha akasogea. "La. Mti ulikuwa huku." Akaenda tena, akarudi, akapima kwa macho kutoka pembe ya nyumba, lakini nyumba nayo ilikuwa imeongezwa chumba. Nilimwona akigeuka huku na huku, uso umemshuka, na nikajua sura ile kwa sababu nilikuwa nimeivaa mwenyewe mbele ya ukumbi mzima. Alikuwa akiona haya mbele yangu. Nikatazama kando, nikajifanya naondoa majani kwenye sketi, ili amalize kutafuta bila mtu kumwangalia.

Mwishoni akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaitandika chini baina ya matuta mawili, akakaa. "Hapa panatosha," akasema. Nikakaa kando yake. Udongo ulikuwa na joto kupitia leso. Mke wa baba mdogo alituita kutoka jikoni, chakula kiko tayari, na Mama akaitikia, "Tunakuja," lakini hakuinuka.

Akaweka kiganja chake ardhini. "Katana," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejulisha wageni, "huyu ni Kadzo."

Nami nikaweka kiganja changu kando ya chake. Nilijua napaswa kusema kitu, na sikujua nianzeje, kwa kuwa sikuwahi kuuliza ni nani kati yetu aliyetangulia.

"Mama," nikanong'ona, "nani mkubwa?"

"Yeye."

"Shikamoo," nikasema.